Ruiru 371,111, Lamu Mashariki 22,258, mbunge mmoja mmoja

Wasee, tuanze na hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 371,111 Ruiru. Lamu Mashariki, 22,258. Kila upande una mbunge mmoja. Yaani bungeni, karibu watu 17 wa Ruiru wanahesabika kama mtu mmoja wa Lamu Mashariki, na hakuna mheshimiwa anayekosa usingizi.

Kabla uniambie hizi ni siasa za Mlima, tulia. Kisauni wako 291,930. Likoni, 250,358. Hao ni Pwani na wanaumia vilevile. Halafu Tetu, hukohuko Nyeri, ni 80,453 tu. Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa akipiga kelele za "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", muulize Tetu iunganishwe na nani. Atabadilisha mada saa hiyo hiyo.

Katiba ilishamaliza huu ubishi. Kifungu cha 89 kinasema gawa idadi ya watu kwa maeneobunge 290, kisha ruhusu tofauti ya asilimia 30, au 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache. Kwa sensa ya 2019 ni kama watu 164,000 kila eneo. Hata ukiongeza hiyo 40 yote, hufiki 230,000. Lamu Mashariki nayo iko chini ya kiwango, lakini kama kuna mahali pa kuhurumia ni huko, maana kutoka Faza hadi Kiunga ni boti, si matatu. Tetu haina bahari.

Inayoniudhi zaidi ni pesa. NG-CDF hugawiwa maeneobunge karibu sawa kwa sawa. Ndiyo maana unapanga foleni ya basari hapo Kisauni halafu unaambiwa zimeisha. Si lazima kuna mtu amekula (ingawa wanaokula wapo). Mko wengi tu kwenye sahani moja.

Na mipaka yenyewe ni ya 2012, ilichorwa kwa sensa ya 2009. Ilitakiwa kupitiwa upya kabla ya miaka 12 kuisha, yaani Machi 2024. Wakati huo IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja! Tume ilikaa tupu zaidi ya miaka miwili, hadi Julai 2025. Na mipaka mipya ikikamilika chini ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, haitumiki kwenye uchaguzi huo. Kuchelewesha kuna faida kwa mtu.

Dawa watakayotuletea naijua: viti zaidi. BBI ilitaka maeneobunge mapya 70, Mahakama ya Juu ikazima mpango wote 2022. Hebu fikiria mishahara 70, magari 70, walinzi. Hapana. Hizo 290 zinatosha, shida ni mahali mistari imepita. Unganisheni madogo yanayopakana, gawanyeni makubwa. Kuna wabunge watapoteza viti, sawa. Watafute kazi kama sisi.