Mizani ya Kemia

Wako wasomi miongoni mwetu ambao hadi leo hushikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, ya hotuba na ya sokoni, ila kifikapo mlangoni mwa maabara hakina budi kunyamaza. Dai hili limekaririwa miaka mingi hata likavishwa joho la hekima. Mimi naliita kasumba, na nitalijibu kwa kemia yenyewe.

Twende Kurasini, penye matangi ya mafuta kando ya bandari ya Dar es Salaam. Mama mmoja wa mtaa huo anawasha jiko la gesi. Sehemu ya gesi iliyomo mtungini ni propani, nayo fomula yake ni C₃H₈: kila molekuli ina atomu tatu za kaboni na nane za hidrojeni. Kaboni hufunga vifungo vinne, oksijeni viwili, hidrojeni kimoja. Kila kifungo cha namna hii ni jozi ya elektroni ambayo atomu mbili huimiliki kwa ushirika. (Asije mtu akasema nazipakazia atomu siasa ya ujamaa, ushirika ndilo neno lenyewe.) Katika chumvi ya mezani mambo ni mengine: sodiamu huipa klorini elektroni moja moja kwa moja, kisha hiyo iliyopungukiwa na ile iliyozidishiwa huvutana. Kupeana na kushirikiana: ni mtoto gani wa Temeke asiyeyajua maneno hayo kabla hajaingia darasa la kwanza?

Propani iwakapo huungana na oksijeni, zikatoka hewa ukaa na mvuke wa maji. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, nami kama mshairi nastaajabu, kwa kuwa mlinganyo ni kama ubeti wenye mizani:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Hesabu. Kaboni tatu kushoto, tatu kulia; hidrojeni nane kwa nane; oksijeni kumi kwa kumi. Mshairi wa jadi akikuta mshororo wake una mizani 15 badala ya 16 haupitishi. Lakini tofauti ipo, na mwalimu aitaje. Sisi washairi tuna inkisari. Twalikata neno ili hesabu itimie. Mwanakemia hana ruhusa hiyo. Tarakimu ndogo iliyo ndani ya fomula haiguswi. Mwanafunzi aliyepungukiwa na oksijeni moja, akaandika H₂O₂ mahali pa H₂O, hakusawazisha kitu. Ameyageuza maji kuwa hidrojeni peroksaidi, dawa ya kusafishia vidonda na kupaushia nywele. Aruhusiwalo ni kuongeza molekuli nzima nzima kwa tarakimu kubwa ya mbele. Nimelieleza jambo hili lote kwa Kiswahili. Ni lipi lililoshindikana?

Watajibu kwamba alama zenyewe ni za Kizungu. Za Kizungu kipi? Sodiamu huandikwa Na, chuma Fe, risasi Pb, na herufi hizo zatokana na Kilatini. Mtoto wa London huikuta Fe ngeni kwake sawasawa na mtoto wa Mtoni, ila yeye huelezwa maana yake kwa lugha anayoiota usingizini. Mrusi na Mjapani huandika H₂O ileile na kufundisha kwa lugha zao.

Watajibu tena kwamba istilahi hazipo. Zipo. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na kemia ya sekondari ingali ikifundishwa kwa Kiingereza. TUKI haikukata tamaa. Mwaka 1990 ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kamusi ilifika mlango ukiwa umekwisha kufungwa. Kisha twaambiwa maneno hayajulikani!

Barabara ya Kilwa, ipitayo ubavuni mwa Kurasini, yaelekea kwenye magofu yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Wachoma chokaa wa pwani walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha moto: CaCO₃ → CaO + CO₂. Katika kila kilo 100 za kalisi kaboneti safi, kilo 56 hubaki chokaa, na kilo 44 hupotelea hewani. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka kwa joto lake yenyewe. Ikiisha kupakwa ukutani, hunywa tena hewa ukaa polepole ikarudi kuwa jiwe. Sisemi kwamba mafundi wale waliijua fomula. Nasema kazi nzima ilifundishwa, kutoka fundi hadi mwanagenzi, kwa lugha ya hapa hapa, na kuta zingali zimesimama.

Tena hasara ya kasumba hii si ya heshima tu. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi: 2C + O₂ → 2CO. Haina rangi wala harufu, nayo huing'ang'ania damu kuliko oksijeni, hata aliyelala asiamke. Mwanafunzi aliyeukariri mlinganyo huo kwa Kiingereza cha kubahatisha atapewa alama zake. Kisha usiku wa mvua ataingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba CO ya ubaoni ndiyo hii itokayo jikoni.

Wazazi waogopao kwamba wana wao watakikosa Kiingereza wana hofu ya haki, nami siidharau. Basi Kiingereza kifundishwe katika kipindi chake, na walimu waliosomea kukifundisha, kwa bidii kuliko sasa. Mwalimu wa kemia ana dakika 40 tu, na nusu yake huitumia kutafsiri maneno yake mwenyewe.