Mtoto Hajasahau, Amenyamaza

Ukiteremka Mlima Kitonga kuelekea Morogoro, joto la Ruaha Mbuyuni hukupokea kabla ya watu. Basi halijasimama sawasawa, akina mama na vijana wamekwishazingira madirisha, wamenyanyua vitunguu juu wakitaja bei. Nyuma yao malori yaliyotoka Tunduma yanaachia breki za upepo, pshiii, vumbi linatimka.

Hapo ndipo nilipomwona mtoto wa miaka kama minne ambaye nimeshindwa kumwondoa moyoni. Kila basi liliposimama aliacha mchezo wake, akasogea karibu na mlango, akawatazama wanaoshuka mmoja mmoja hadi wa mwisho. Kisha akarudi kucheza. Basi la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Nilimuuliza mama mmoja muuza vitunguu mtoto yule anamtafuta nani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake alifariki kwa ajali ya lori mwaka uliopita, na mtoto ameambiwa baba amesafiri.

"Hakuna aliyemweleza?" nikauliza.

Mama yule alinishangaa. "Mtoto mdogo vile, kaka? Hajui kitu. Atasahau."

Mwaka mzima mtoto anakagua mabasi, nasi tunasema hajui kitu.

Kauli ya "atasahau" nimeisikia misibani, wodini, kwenye vituo vya polisi na vikao vya ukoo, kutoka Mbeya hadi Iringa. Anayeitamka huwa na nia njema, anataka kumfariji mjane au kujifariji mwenyewe. Lakini kauli hiyo ni ya uongo, na katika mambo yote tunayoamini kuhusu malezi sijui lingine linalowaumiza watoto wetu kimya kimya kama hili.

Kumbukumbu si ya aina moja. Iko ya kusimulia: nani alikuja, ilikuwa lini, alisema nini. Hiyo hutegemea sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, nayo huchelewa kukomaa, ndiyo maana hakuna mtu mzima anayeweza kusimulia siku aliyoachishwa ziwa. Lakini iko pia kumbukumbu ya hofu, na hiyo ina kiini chake, amigdala, kidogo kama punje ya lozi, ambacho huanza kazi mapema sana. Kiini hicho hakihitaji maneno. Kinashika sauti, harufu, sura ya mtu aliyekasirika. Siku sauti ile ikirudi, moyo wa mtoto unakwenda mbio, mwili unajaa homoni za hatari, naye anapiga mayowe, anajikojolea au anaganda kama gogo, bila kuweza kukueleza sababu. Mkubwa anasema, "Huyu mtoto ana kiburi." Wahenga wetu walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawakutaja umri wa mtafunwa.

Watu wa Mbuyuni hawahitaji profesa kuwaeleza umuhimu wa breki, maana wanaishi chini ya Kitonga. Wanajua lori lenye shehena halishuki mlima ule kwa kumtegemea Mungu peke yake. Basi mtoto huzaliwa na injini kamili ya hisia, lakini breki hana. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuliza hasira na woga, huendelea kujengeka mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Kabla ya hapo mtoto huazima breki za mkubwa. Analia, anabebwa, anapigwapigwa mgongoni, anaimbiwa, anatulia. Mara elfu akitulizwa hivyo, mwili wake unajifunza njia ya kuteremka mlima. Huo ndio mshikamano wa mtoto na mlezi wake. Usidhani ni kudekezwa; ndiyo shule ya kwanza ya kujitawala.

Wapo watakaoniambia, "Lakini mtoto huyo ametulia, analala, anacheza, hata hamtaji tena marehemu." Hapo ndipo tunapodanganyika zaidi. Kosa hilo hilo walilifanya madaktari wa Uingereza zamani, wakati hospitali zao zilipozuia wazazi wasiwatembelee watoto ovyo. Walisema mtoto akilia siku mbili tatu kisha akanyamaza, amezoea. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu aliyoipiga ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku 8 katika hospitali ya London. Yeye na mwenzake John Bowlby waliona jambo ambalo wauguzi walikuwa wakilitazama bila kuliona: mtoto hulia na kugoma, kisha hukata tamaa, kisha hujifungia ndani. Katika hatua hiyo ya tatu anaonekana mtoto mzuri asiyesumbua, lakini mama akija, anageuza uso. Madaktari wengi walikasirishwa na filamu hiyo, ila mwaka 1959 ripoti rasmi ya serikali yao ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao kwa uhuru. Ukimya ule haukuwa kusahau. Mtoto alikuwa ameacha kutumaini.

Najua kuna msomaji ameshasema moyoni kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Basi ajue kwamba elimu hii ina mizizi kwenye udongo wetu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Uganda, na kwa miezi kadhaa akawatembelea akina mama 26 na watoto wao 28 katika vijiji vya karibu na Kampala. Wale waliokuwa na mama makini, anayemjua mwanawe na kuitikia kilio chake, ndio walioweza kumwacha mama wakatambaa kuchunguza dunia na kurudi kwake bila wasiwasi. Kitabu chake kuhusu utoto Uganda kilitoka 1967. Akina mama wa Kiganda, wenye mgongo na mbeleko kama akina mama wa Kihehe, ndio walioisomesha dunia somo hili. Aibu yetu ni kulikataa sasa kana kwamba limeletwa na meli.

Tena tusimtazame mtoto peke yake. Mzazi anayesema "atasahau" mara nyingi ni mtoto aliyeambiwa hivyo zamani. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walifanyiwa ukatili wa kimwili. Watoto wale leo ni wazazi. Wengi wao hawakupata hata siku moja ya kuulizwa ilikuwaje.

Mzazi wa namna hiyo akisikia kilio cha mwanawe, ndani yake kinaamka kilio chake mwenyewe. Kiini kile cha hofu hakipambanui. Kabla hajafikiri, mkono umeshanyanyuka, au uso umeshakuwa jiwe. Breki zake zilifeli zamani, sasa anatakiwa kumwazima mtoto asizo nazo: malori mawili kwenye mteremko mmoja. Na mtoto anabaki katika fumbo kubwa, kwa sababu mtu wa kumkimbilia akiogopa ndiye huyo huyo anayemwogopesha. Anamsogelea na kurudi nyuma, anacheka na kulia. Hapo tunamtafutia methali, mchelea mwana kulia hulia yeye, na fimbo inaongezwa. Methali hiyo inaonya juu ya mzazi asiyemkanya mwanawe. Haikumtuma mtu kupiga kidonda.

"Mbona sisi tulipigwa tukakua tukawa watu?" Hili nalo nimelisikia sana, na kila mara hutamkwa kwa sauti ya juu kidogo. Ndiyo, tulikua. Lakini tujiulize ni wangapi kati yetu hatuwezi kubishana na wake zetu bila kufoka, ni wangapi hatujawahi kumwambia mtoto "samahani", ni wangapi hatupati usingizi mpaka tupitie kilabuni. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda walitangaza matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa San Diego, Marekani. Watu waliopitia aina 4 au zaidi za masaibu utotoni walikuwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua iliyozidi ya wenzao kwa mara 4 hadi 12. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jambo hili linatuhusu watu wa Nyanda za Juu Kusini kuliko wengine. Katika utafiti wa VVU wa 2022/23, wakati kiwango cha taifa kwa watu wazima kilikuwa asilimia 4.4, Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Nyuma ya asilimia hizo kuna miaka mingi ya kuzika, na kuna vijiji ambako bibi aliyezika wanawe watatu analea wajukuu saba. Bibi yule naye ana msiba ambao hakuna aliyempa nafasi ya kuulia. Tunamletea mahindi na sare za shule, jambo jema, lakini hatumuulizi analalaje usiku.

Kisha kuna wasichana wetu wa kazi. Kila wiki wapo kwenye mabasi hayo hayo yanayosimama Mbuyuni, wametolewa vijijini Iringa kwenda Dar es Salaam, wengine hawajafikisha miaka 15. Binti aliyetengwa na mama yake ghafla, anayelia chooni ili asionekane, anakabidhiwa mtoto mchanga wa tajiri amtulize. Akimfinya au akimpuuza, tunasema wasichana wa siku hizi wana roho mbaya. Hatusemi kwamba tumempa mtoto alee mtoto.

Nchi yetu imeshaandika mambo mazuri. Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009. Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo kati ya nguzo zake kuna malezi yenye kuitikia hisia za mtoto. Lakini karatasi ya Dodoma haifiki msibani, na msibani ndiko kauli ya "atasahau" inakotamkwa. Anayeweza kuizuia pale ni shangazi, ni mjumbe, ni mchungaji au shehe, ni wewe.

Sisemi kwamba mtoto aliyeumia ameharibika. Hiyo ingekuwa dhambi nyingine. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 hadi utu uzima. Kati ya waliokulia kwenye umaskini, ugomvi na ulevi, takriban theluthi moja walikuja kuwa watu wazima timamu na wenye upendo. Kitu kimoja kilijirudia katika maisha yao: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika asimwachie, awe bibi, mjomba, mwalimu au jirani. Mtu mmoja tu. Kidonda kinapona, ila hakiponi kwa kufunikwa.

Basi mwambieni mtoto ukweli kwa maneno yanayolingana na umri wake: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, si kosa lako, mimi nipo. Mwacheni alie, na lieni naye. Asihamishwe leo kwa shangazi, kesho kwa mjomba, keshokutwa kwa jirani; ukoo ukae umchagulie mtu mmoja wa kudumu. Mzazi ukiona mkono unanyanyuka, toka nje, vuta pumzi, kisha urudi umbebe. Na ukikosea, mwombe mtoto radhi, kwa maana uhusiano uliovunjika na kuungwa humfundisha mengi. Ukishindwa, tafuta afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako. Ukijua mtoto anateswa, piga 116, ni bure.

Na pale Mbuyuni, kabla basi lingine halijasimama, kuna mkubwa anayetakiwa kupiga magoti mbele ya mtoto yule, amshike mikono, amwambie kwamba baba yake hayumo ndani ya basi lolote. Atalia sana siku hiyo. Mshikeni mpaka anyamaze mwenyewe.