Hina Bado Mbichi, Chuo Kimeshafunguliwa



Kila mwaka kaskazi ikishika, Kilindoni hupokea watu wa aina mbili: wageni wanaokuja kumwangalia papa potwe, na mabinti zetu wa vyuoni wanaoshuka kutoka Nyamisati na mabegi yao kwa likizo. Wageni tuwaache na papa wao. Leo tuna neno kuhusu mabinti, hasa wale wanaokuja likizo wakiwa wachumba na kurudi chuo wakiwa wake za watu.

Wanazidi kuwa wengi, na si ajabu. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na kila mtu anataka ndoa ipite kabla ya mwezi mtukufu. Binti yupo nyumbani, ndugu wa Dar wamepata nafasi, mchumba ana haraka. Basi tarehe inawekwa. Anaingizwa ndani, anasingwa, anapakwa hina na piko, somo anakaa naye usiku kucha. Alhamdulillah, mambo mazuri haya, na sisi wenyewe tumeyapitia.

Ila tujiulize: katika wote waliokaa kupanga tarehe ile, nani alimuuliza binti chuo kinafunguliwa lini?

Tunauliza kwa sababu tuna deni. Miaka michache nyuma tulimwoza binti wa karibu yetu sana, mwaka wa pili wa ualimu. Harusi ikaangukia wiki ileile ya kufungua chuo. Tukasema si kitu, fungate ni siku saba tu. Baada ya fungate wakwe wakataka akae kidogo wamzoee. Kisha bahari ikachafuka. Kisha bibi mzaa mume akaugua, na mwari ndiye aliyekuwa karibu wa kumsaidia. Alipofika chuo wenzake walikuwa wameshafanya jaribio la kwanza, vikundi vya kazi vimeshagawanywa, yeye hana kundi wala daftari. Akahangaika wiki tatu, akaandika barua ya kuahirisha mwaka, akarudi kisiwani. Mwaka uliofuata alikuwa na mtoto wa miezi minne. Hajarudi mpaka leo. Mumewe hakumkataza hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma. Tulikuwa tumeshazoea kumlaumu mume kila binti anapoacha masomo. Huyu aliachishwa na kalenda, na kalenda tuliipanga sisi wanawake, tukiwa tumekaa mkekani tukinywa chai.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: bibi harusi aliye chuoni apangiwe harusi kwa ratiba ya chuo, na awe amesharudi darasani siku ya kwanza ya muhula. Kama siku hazitoshi, akdi ifungwe sasa na walima usubiri likizo ndefu. Sheria haijatuwekea kwamba nikaha, ngoma, fungate na kutembelea wakwe vikae ndani ya wiki mbili. Hizo ni haraka zetu.

Tunajua jibu litakaloletwa: si amalize kwanza ndiyo aolewe? Hatukubaliani nalo. Binti aliyepata mume mwenye dini na tabia, na mwenyewe ameridhia, kumchelewesha miaka mitatu kwa ajili ya cheti ni kumtafutia mtihani mwingine usio wa darasani. Hafsa binti Umar, Allah amridhie, alifundishwa kuandika na Shifaa binti Abdillah, na imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Shifaa amfundishe pia kisomo cha tiba alichokuwa akikijua. Hafsa wakati huo ni mke, tena mke wa Mtume. Ndoa na elimu vilikaa nyumba moja. Shida yetu ni namna tunavyovipanga.

Na vipangwe kabla ya mahari kutajwa. Posa inapoletwa, pamoja na kuulizana mkaja na kilemba, iulizwe pia: atamaliza chuo? Nauli na matumizi nani anatoa? Atarudi nyumbani mara ngapi kwa muhula? Suala la uzazi mmelizungumzaje? Hili la mwisho watu huliona aibu, lakini wanazuoni wengi wameruhusu mume na mke kuchelewesha kwa muda wakiridhiana, na heri aibu ya nusu saa mbele ya somo. Mtume ametuhimiza sana kutimiza masharti tuliyohalalishiana kwayo ndoa. Uzito wa sharti la namna hii katika akdi, wanazuoni wametofautiana, basi muulizeni sheikh wenu na muandikishe mbele ya mashahidi. Neno la sebuleni husahaulika.

Safari nayo isiachwe mpaka asubuhi ya kuondoka. Kutoka Kilindoni ni kivuko mpaka Nyamisati, kisha gari kupitia Bungu na Mkuranga mpaka Mbagala, na kwa wa Morogoro au Dodoma hapo ndipo safari inaanza. Mume au kaka amsindikize. Mume akiona kwa macho yake chumba anacholala mkewe na msikiti anaoswali, hata wasiwasi wake hupungua. Tumeliona hilo kwa zaidi ya mmoja.

Kisha akishafika, tumwache atue. Hapa tunasema na wenye simu. Wiki mbili za kwanza za muhula ndizo nzito: kusajili masomo, kusaini boom, kutafuta kundi, kuzoea tena kitanda cha hosteli baada ya kulala kwenye kitanda cha harusi. Mwari huyu pia ana jambo ambalo wenzake hawana. Chumba kizima kinamtazama mikono ile ya hina, kinacheka, kinauliza yasiyoulizwa. Marafiki wa zamani hawajui wamwite vipi. Usiku anamkumbuka mtu ambaye mwezi uliopita hakuwa anamjua vizuri. Halafu simu inaita: mama, mama mkwe, wifi, shangazi, kila mmoja anataka kujua amekula nini. Na mume anataka kumwona kwa video mpaka saa sita usiku, kesho ana kipindi saa moja asubuhi. Mapenzi tunayajua, ila mtu anaweza kudisko kwa mapenzi.

Mama mkwe asalimiwe Ijumaa, inatosha. Mume na mke wachague saa yao moja baada ya Isha, kisha simu iwekwe chini. Nawe mwari, usijifungie. Tafuta kina dada wa Kiislamu chuoni kwako, wapo karibu kila chuo, na miongoni mwao humkosi aliyeolewa likizo kama wewe na sasa yuko mwaka wa mwisho. Yeye atakwambia mambo ambayo somo wako wa Mafia, pamoja na hekima yake yote, hakuyapitia. Kungwi wetu anajua namna ya kumfundisha mwari kuingia nyumbani kwa mume. Namna ya kuingia maktaba siku kumi baadaye hajafundishwa na yeyote.

Juzi tulikuwa tunafunga begi la mmoja. Mafuta ya nazi chupa mbili, samaki wa kukaanga wa njiani, madera mawili mapya ya sanduku la harusi, na vitabu vyake vilivyokaa juu ya kabati tangu siku alipofika. Harusi yake ilikuwa Ijumaa, ndogo, ya watu wa nyumbani. Ngoma imewekwa Septemba. Mama mkwe wake alikuja mwenyewe, akakaa pembeni ya kitanda, akauliza kivuko kinaondoka saa ngapi, kisha akatoa kwenye mfuko wa kanga nauli aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mchele wa walima.