Sare Si Suluhu

Watangazaji wa michezo aghalabu huyatumia maneno sare na suluhu kana kwamba ni pacha. Katika kandanda huenda kosa hilo likasameheka. Katika sataranji halisameheki, na ushahidi ni mchezo wa tano baina ya Garry Kasparov na tarakilishi ya Deep Blue, uliochezwa New York tarehe 10 Mei 1997.

Kasparov, aliyekuwa na kete nyeupe, hakufungua kwa kusukuma kitunda cha katikati. Alitanguliza farasi, kisha akajipanga ubavuni kwa mtindo unaoitwa kwa jina la Richard Réti: kitovu cha ubao huachiwa mpinzani kwanza, halafu hushambuliwa kutoka pembeni. Hila hiyo ilikusudiwa kuiondoa mashine kwenye njia ilizokaririshwa. (Mwanafunzi anayekariri uhakiki wa wengine ataielewa barabara.) Kufikia hatua ya 49, kitunda chake kimoja kilikuwa kimebakiza mraba mmoja tu kigeuke malkia. Hata hivyo, ngome nyeusi ingemwandama mfalme wake kwa vitisho visivyo na kikomo. Kila upande ukapata nusu alama. Jumla ikawa 2.5 kwa 2.5.

Je, ni nani aliyepatana na nani hapo? Suluhu hudai nia ya kupatana, na mashine haina nia. Neno sare latosha: alama zimefanana, kama wanafunzi waliovaa sare ilhali nyoyo zao ni mbalimbali. Kesho yake Deep Blue ilimshinda Kasparov kwa hatua 19 tu, ikatwaa shindano zima kwa 3.5 dhidi ya 2.5.