Tatuu ya nyusi: nani anaikagua sindano?

Ijumaa hii tunapenda kuzungumza na familia za Kiislamu, hususan akina mama na mabinti zao, juu ya jambo lililoingia kimyakimya katika maandalizi ya harusi. Nalo ni urembo wa kudumu: nyusi zinazochorwa kwa sindano, midomo inayotiwa rangi isiyofutika, na wanja usiotoka kwa maji.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam na kwamba sisi wa Handeni na Korogwe hayatuhusu. Hatukubaliani nao. Korogwe imekaa katika barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na Mkata ya Handeni hupitiwa na mabasi usiku na mchana. Binti wa Chanika au wa Manundu huona katika simu picha ileile aionayo binti wa Kinondoni. Kalamu yenye sindano na vichupa vya rangi ni mzigo mdogo unaoweza kuagizwa na kuletwa kwa basi kama kifurushi kingine chochote, wala hakuna kondakta atakayeuliza ni vya nani na vitachoma uso wa nani.

Tufahamu kwanza linalofanyika. Rangi hii haipakwi juu ya ngozi. Sindano, au kijisu chenye safu ya sindano ndogondogo, hupasua ngozi na kuiingiza rangi katika tabaka la chini, ambako ngozi haiwezi kuibandua kwa haraka. Ndiyo maana hudumu mwaka mmoja hadi mitatu kwa nyusi za kijisu, na zaidi ya hapo kwa tatuu ya kawaida. Damu hutoka, hata kama ni chembe usizoziona. Kwa hiyo, jina lolote litakalopewa, ni kidonda kilichofanywa kwa makusudi karibu na jicho.

Jambo hili si geni kabisa kwetu. Wazee wa mashamba ya mkonge ya Korogwe wanawakumbuka manamba wa Kimakonde waliotoka kusini wakiwa na nembo zilizochanjwa usoni, na chale za waganga hazijasahaulika katika vijiji vyetu. Lakini pia tunakumbuka namna jamii ilivyobadilika baada ya UKIMWI kugunduliwa Kagera mwaka 1983. Ngariba alifundishwa kwamba kila mtoto wa jando awe na wembe wake. Mkunga wa jadi aliambiwa hivyo hivyo, na hata kinyozi aliulizwa maswali. Leo mama aliyemkatalia ngariba wembe uliokwishatumika anamlipia binti yake achomwe nyusi kwa sindano ambayo hakuiona ikifunguliwa. Hapa ndipo tunapopata taabu ya kuelewa.

Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka, kwa muda usiopungua siku 7. Kufuta kifaa kwa spiriti au kukipitisha katika moto wa kiberiti si kukitakasa. Kinachoaminika ni sindano mpya inayofunguliwa mbele ya mteja na kutupwa baada yake, na vifaa vingine kuchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo katika mtambo maalumu, kama hospitali zifanyavyo. Hata kichupa cha rangi kinachochovywa kwa wateja wawili ni njia ya maradhi, ijapokuwa sindano ni mpya. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa katika chanjo za watoto wa Tanzania mwaka 2002, hivyo dada zetu wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni.

Asidhani mtu kwamba tunatishia watu. Mwaka 2024 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa ya wateja wa saluni moja ya jimbo la New Mexico, isiyokuwa na leseni, walioambukizwa VVU katika maambukizi yaliyohusishwa na sindano za urembo wa uso. Haikuwa tatuu ya nyusi bali huduma ya kuchoma uso kwa damu ya mteja mwenyewe, lakini sindano ni sindano. Ikiwa hayo yametokea katika nchi yenye wakaguzi wengi, sisi tuna nini cha kujivunia?

Rangi nayo ina yake. Kati ya mwaka 2003 na 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipokea malalamiko zaidi ya 150 kuhusu rangi za mtengenezaji mmoja za urembo wa kudumu: uvimbe, vipele, kuchubuka na makovu, hasa machoni na midomoni. Umoja wa Ulaya uliwekea vikwazo maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu na urembo wa kudumu kuanzia Januari 2022. Mzio waweza kujitokeza hata baada ya miaka. Na sisi watu wenye ngozi nyeusi tuna hatari kubwa zaidi ya makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Aliyewahi kupata kovu la namna hiyo sikioni alipotoboa herini asithubutu kuupeleka uso wake.

Sasa tuulize swali la kichwa cha makala hii. Vipodozi vilikuwa chini ya TFDA kwa sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2019 kazi hiyo ikahamia Shirika la Viwango, TBS. Hao hutazama kipodozi chenyewe. Leseni za biashara za saluni hutolewa na halmashauri, nasi tunazo nne: mbili za Handeni na mbili za Korogwe, kila upande mji na wilaya. Maafisa afya wanayo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Kwa maoni yetu, anayetoboa ngozi ya watu hafai kuhesabiwa sawa na msusi. Madiwani wetu, ambao wengi wao tunaswali nao, waulizwe: saluni ngapi zina sindano, na sindano hizo hutupwa wapi?

Kwa upande wa dini hukumu iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimlaani mwenye kuchanja tatuu na mwenye kuchanjwa. Wanachuoni wamejadili aliye na dosari ya ajali au maradhi, nao hutaja kisa cha sahaba Arfajah, aliyekatwa pua vitani akaruhusiwa kuvaa pua ya dhahabu. Mwenye nyusi zilizoungua moto na amuulize mwanachuoni pamoja na daktari. Bibi harusi mzima hana udhuru huo.

Wala tusikimbilie piko tukidhani tumesalimika. Hina halisi haiwi nyeusi tii. Weusi ule hutokana na dawa ya kutia nywele rangi, nayo imewababua wengi. Wanja wa unga nao, baadhi yake una madini ya risasi. Masomo wa mabibi harusi wanalo jukumu hapa.

Na yule ambaye amekwishachorwa? Udhu wake si tatizo kwa sababu ya kuzuia maji, kwani rangi iko chini ya ngozi. Imam Nawawi, ambaye madhehebu yetu ya Shafi humtegemea sana, ameeleza kwamba kuiondoa kunalazimu ikiwezekana kwa tiba, lakini anayehofia kupoteza kiungo au kupata ila ya wazi halazimiki, na toba inamtosha. Kwa hiyo dada asijisugue kwa tindikali wala dawa za mtaani. Mionzi ya leza nayo huweza kuzigeuza baadhi ya rangi kuwa nyeusi zaidi, na kuacha mabaka katika ngozi yetu. Aende Magunga, au hospitali ya Handeni, au Bombo Tanga, apime homa ya ini na VVU, aulizie chanjo, na akiona uvimbe au usaha karibu na jicho asingoje hadi harusi ipite.