Kompyuta ya madrasa inapokuwa bubu

Kwa wengi wetu, kompyuta isiyotoa sauti ni kero ndogo: mtu hukosa kusikiliza mawaidha, kisha akaendelea kuandika barua zake. Kwa asiyeona, hiyo ni kompyuta iliyozimwa. Madrasa yetu inaye mwalimu asiyeona ambaye huandaa mitihani kwa msaada wa Orca, programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Sauti ilipotoweka baada ya mfumo wa Linux kusasishwa, kazi yake ilisimama siku hiyo hiyo, na mitihani ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Fundi aliyeitwa alihukumu haraka: kadi ya sauti imekufa. Ama inunuliwe kompyuta nyingine, ama iwekwe Windows ya kunakili, pengine itaamka. Kamati haikuridhia lolote kati ya hayo. Hilo la kunakili lina neno kisheria, kwani Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, liliamua katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na haijuzu kuzivamia. Na hilo la kununua lingekula fedha za watu waliotoa kwa ajili ya mas-hafu na mikeka. Fedha hizo ni amana, na mwenye amana huthibitisha kabla ya kutumia.

Ili kuthibitisha, ni vema kujua njia ambayo sauti hupita. Programu huikabidhi sauti kwa msimamizi anayeichanganya na kuigawa. Zamani alikuwa PulseAudio, na katika matoleo mapya ya Ubuntu na Fedora ni PipeWire. Msimamizi huipeleka kwa ALSA, sehemu ya kiini cha Linux inayobeba draiva za kadi za sauti. Kutoka hapo huenda kwenye kadi, kwenye waya, kisha kwenye spika. Anayetafuta ubovu hufuata njia hii kama anayefuata bomba la maji hadi pale lilipoziba.

Waya na spika hukaguliwa kwanza, na hapa hatutakawia: tundu la spika nyuma ya kompyuta ya mezani kwa kawaida ni la kijani, na hedifoni za kuazima zatosha kujua kama spika zenyewe ndizo zilizokufa.

Kisha fungua terminali uandike amri hii: aplay -l. Herufi ya mwisho ni L ndogo, si tarakimu moja. Kompyuta itaorodhesha kila kadi ya sauti ambayo draiva yake imeishika. Kwetu zilitokea mbili, moja ya HDMI na moja ya analogi. Basi kadi iliyosemwa imekufa ilikuwa hai, na draiva yake inafanya kazi.

Hapo ndipo penye chanzo cha malalamiko mengi. Waya wa HDMI unaounganisha kompyuta na skrini hubeba picha na sauti pamoja. Mfumo ukiuona waya huo, huweza kuamua kwamba sauti yote iende kwenye skrini, hata kama skrini hiyo haina spika. Hakuna kilichoharibika, sauti imetumwa nyumba isiyo na mtu. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya mfumo, sehemu ya sauti, na kuchagua njia ya kutolea sauti ya analogi badala ya HDMI.

Kwetu hata baada ya hapo kimya kiliendelea, tukafungua programu ya alsamixer. Ukiingia humo bonyeza F6 uchague kadi yenyewe, la sivyo utaona mstari mmoja tu wa jumla. Chini ya kila mstari kuna alama: MM maana yake njia hiyo imenyamazishwa. Simama juu yake, bonyeza M, kisha pandisha kwa mshale. Mstari wa Front ulikuwa MM. Ulipofunguliwa, Orca ikaanza kusoma. Ili mpangilio usipotee kompyuta ikizimwa, andika sudo alsactl store. Humo humo angalia pia Auto-Mute Mode, kwani ndiyo inayozima spika za nyuma pindi mtu anapochomeka hedifoni mbele.

Ikiwa yote haya ni sawa na bado kimya, huenda msimamizi ndiye aliyekwama. Mwamshe kwa systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber, bila sudo, kwa kuwa huyu hufanya kazi chini ya mtumiaji na si chini ya mfumo mzima.

Hali nzito zaidi ni aplay kusema haikuona kadi yoyote, na mipangilio kuonesha Dummy Output peke yake. Hapo andika lspci -k utafute mstari wenye neno Audio. Ukiwepo bila draiva chini yake, kiini hakijaishika kadi. Laptopu mpya kadhaa za Intel huhitaji faili za ziada ambazo Debian huziita firmware-sof-signed. Mstari usipokuwepo kabisa, ingia kwenye BIOS uone kama sauti imezimwa huko. Kama haikuzimwa, basi huenda kadi imekufa kweli, na hata hapo si lazima kununua kompyuta: kadi ndogo ya sauti ya USB kwa kawaida hufanya kazi katika Linux mara ichomekwapo, bila kutafuta draiva.

Kabla ya kumlipa yeyote, liko jaribio moja ambalo twalipenda kuliko yote. Weka Ubuntu kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha cheza sauti. Ikisikika, kadi ni nzima na ubovu uko kwenye mfumo uliosakinishwa: hifadhi faili zako kwingine, kisha usakinishe upya. Isiposikika, rudi kwenye lspci na BIOS.