Nyumba Yauzwa, na Ardhi Je?

Wiki hii nazungumza na wewe unayetaka kuuza nyumba yako kule Likoni, Kisauni au Changamwe. Siku hizi dalali wa kwanza ni simu. Kabla hujatia picha Facebook au WhatsApp, anua nguo uani, fagia, paka chokaa ukuta wa mbele, kisha piga picha asubuhi, madirisha yakiwa wazi. Choo nacho usikiruke. Mnunuzi atakiulizia tu.

Lakini liko jambo ambalo picha haisemi. Pwani yetu ina desturi ya nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi. Kama yako ni hiyo, iandike mstari wa kwanza, na kodi ya kiwanja uitaje. Ukificha, mtu atavuka kwa feri hadi Likoni, aipende sebule, aulize hati, kisha aondoke akikuita tapeli mbele ya majirani.

Kama hati unayo, usiitundike mtandaoni, maana matapeli huinakili. Mwonyeshe mnunuzi ana kwa ana, umwache akaithibitishe katika ofisi ya usajili wa ardhi. Na kama huna, mwenye kiwanja mjulishe mapema, kwani mnunuzi atataka kumwona kabla ya kutoa hata shilingi.